Kati ya Koleo na Kauri

Nilikuwa kidato cha sita niling'olewa gego la kwanza. Nilikwenda kituo cha afya nikasema jino linashtuka nikinywa maji. Nikaulizwa swali moja tu: "Kijana, upande gani?" Nikaonyesha kwa kidole, ganzi ikachomwa, koleo likafanya kazi. Nikarudi nyumbani Sola na pamba mdomoni, nikiamini hakuna njia nyingine.

Mwaka huu magego mengine mawili yameanza. Safari hii nikaenda kliniki ya mjini. Huko nikaambiwa meno hayajatoboka, yamemomonyoka: asidi imelamba enameli, lile tabaka gumu la juu, mpaka unjano wa ndani unaonekana. Nikatajiwa bei ya kuyafunika kwa vipande vyembamba vya kauri. Bei hiyo inakula bumu la muhula mzima, na chenji hairudi.

Wanachuo wenzangu, hoja yangu ni hii: kati ya koleo na kauri kuna njia ya katikati, na ndiyo tuiulizie kwanza.

Kauri ni nzuri, sibishi. Ni ngumu, haishiki rangi, na ikibandikwa juu ya enameli inashika vizuri. Lakini inatengenezwa maabara: unachukuliwa vipimo, unasubiri, unarudi. Wakati mwingine jino linapunguzwa ili kipande kipate nafasi. Kikipasuka, mara nyingi unatengenezewa kingine.

Kompoziti, ule ujazo wa rangi ya jino unaogandishwa kwa taa ya bluu, inaweza kujengwa juu ya gego siku hiyohiyo, mara nyingi bila kuchimba. Ikimeguka, inaongezwa palepale. Kasoro inazo: inachakaa mapema kuliko kauri, inashika rangi ya chai, na jino lazima liwe kavu wakati wa kubandika. Ila kwa mtu wa miaka 22, kitu kinachorekebishika bila kukata jino kina faida kuliko kinachong'aa. Kauri itasubiri ajira, kama sisi tunavyoisubiri.

Kuwaza hivi si kujidharau. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam ilianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine. Sehemu iliyooza inakwanguliwa, tundu linazibwa kwa simenti inayonata. Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 simenti ya glasi ayonoma inayotumika siku hizi kwenye njia hiyo ikaingia kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Simenti hiyo ni ya matundu. Kwa gego linaloliwa na asidi haidumu. Ninachokichukua pale ni swali lao: kitu gani kitaokoa jino la mtu huyu, mahali alipo?

Halafu tuseme ukweli. Nyenzo yoyote ni kazi bure kama asidi inaendelea. Mkulima wa pamba anajua kwamba usipozuia maji, kujaza udongo kwenye korongo ni kujichosha. Enameli inaanza kuyeyuka asidi ikifika kipimo cha pH 5.5 hivi, soda ya kola iko karibu na 2.5. Sisi msimu wa UE tunaikumbatia chupa usiku kucha, funda moja kila ukurasa, kisha tunapiga mswaki hapohapo na kusugua enameli iliyolainika. Kama lazima unywe, inywe mara moja na chakula, sukutua kwa maji, subiri nusu saa ndipo upige mswaki. Kama una kiungulia kila siku, mwone daktari, maana asidi ya tumboni nayo inakula magego.

Yapo meno ambayo hayana budi kung'olewa. Lakini uliza kwanza: linaokoleka? Kwa nyenzo gani? Ikivunjika, itatengenezwa wapi?

Muda si mrefu tutasimama mbele ya madarasa. Mwanafunzi akisema jino linamshtua, mwalimu ndiye mtu mzima wa kwanza kumsikia. Mimi hakuna aliyeniambia niulize. Wangu nitawaambia.