Tahariri: Kofia ya Bei ya Mbuzi Inatosha, Miwani ya Jua Haitoshi



Katika mkutano ujao wa wanachama kuna jambo la karakana ambalo halina budi kukatwa. Kamati inaomba fedha kidogo kutoka mfuko wa kukamulia alizeti ili tununue kofia za kuchomelea. Wako wanachama waliokwisha kusema wazi kwamba huo ni ufujaji, eti mafundi wetu wamechomelea misimu yote hii kwa miwani ya jua na plau zinatoka zimeungwa barabara. Wako na vijana ambao wanataka kofia ya bei kubwa yenye picha ya moto na fuvu la mtu. Gazeti hili la ukutani linaona pande zote mbili zimepotea njia, na linaomba wanachama wasome hapa kabla mikono haijanyooshwa.

Tuanze na hiyo miwani. Mwanga wa kuchomelea una mambo matatu ndani yake. Upo mwanga tunaouona, ule mweupe mkali. Ipo miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni lakini inaliunguza. Na ipo miale ya joto, nayo haionekani. Miwani ya jua ya kawaida hupitisha kama sehemu 1 ya mwanga katika kila sehemu 10. Kioo halisi cha kuchomelea namba 10 hupitisha kama sehemu 1 katika kila 7,000. Jamani, hizo si hesabu za kulinganisha! Tena miwani iko wazi pembeni, juu na chini, na uso mzima unabaki unachomwa. Kama ni ya hovyo isiyozuia urujuanimno, basi ni afadhali hata usingeivaa, maana giza lake linaifanya mboni ifunguke zaidi na ile miale mibaya inapata mlango mpana.

Wanaosema "mbona mafundi wanaona mpaka leo" hawajalala nyumba moja na fundi aliyeunguzwa. Fundi anachomelea mchana, jioni anakula ugali wake vizuri na kupiga soga, halafu usiku, saa sita au hata kumi na mbili baada ya kazi, macho yanaanza. Anasikia kama yametiwa mchanga. Machozi yanatiririka, hata kibatari hakitazamiki. Hiyo ni ngozi nyembamba ya juu ya jicho imeungua, sawasawa na mgongo unavyoungua kwa jua, ila hapa ni jicho. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakaona ni kitu kidogo. Wengine hutia maziwa ya mama au maji ya majani. Huko ni kuongeza uchafu juu ya kidonda. Aende zahanati, akae gizani, asiyasugue macho.

Lakini yako madhara yasiyopona kwa siku mbili. Miale ya joto, ikirudiwa miaka na miaka, huleta mtoto wa jicho. Mwanga mkali wenyewe unaweza kuunguza sehemu ya nyuma ya jicho, na pale hakuna dawa ya kurudisha. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani walikutana, wakaweka moshi wa kuchomelea pamoja na miale yake ya urujuanimno katika kundi la mambo yanayojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Saratani ya jicho imo. Sisi watu wa Dodoma tusingehitaji kuhubiriwa habari za macho. Trakoma, huu ugonjwa wetu wa vikope, tunaujua. Kule Kongwa wataalamu wa macho wamekuwa wakiuchunguza tangu miaka ya 1980, na wazee waliokwaruzwa jicho na kope zao wenyewe hadi wakapofuka tumewashika mkono kuwavusha njia. Vumbi na inzi vimetutosha. Upofu wa kujinunulia dukani hatuna haja nao.

Haya, sasa kofia. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya zamani, yenye kioo cheusi kisichobadilika. Ya pili ni ile inayojitia giza yenyewe, ambayo mafundi huiita ya otomatiki: ukiivaa unaona kazi yako kama kupitia kioo cha kijani, na kijiti kikigusa chuma tu kinajifunga chenyewe kuwa cheusi, kwa muda kama wa sehemu 1 katika 25,000 ya sekunde. Si uchawi. Ni kioo cha jamaa moja na kile kinachoonyesha tarakimu kwenye kikokotoo cha karani wetu. Waswidi wa kampuni ya Hörnell waliitoa sokoni mwaka 1981 kwa jina la Speedglas, na kwa miaka mingi ikawa kitu cha viwanda vya matajiri. Siku hizi Wachina wanazitengeneza kwa wingi na bei imeshuka.

Tulipouliza bei mjini tuliambiwa hivi: ya kioo kisichobadilika ni bei ya majogoo wawili, ya otomatiki ya kadiri ni bei ya mbuzi mmoja, na za makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani ni bei ya ng'ombe.

Mtu atauliza, kama ya majogoo wawili ina kioo halali, ya mbuzi ya nini? Swali zuri, na jibu lake liko kwenye kazi yenyewe. Kioo halali kisichobadilika kinalinda jicho sawasawa, hilo tusilikatae. Taabu ni kwamba ukiwa umekivaa huoni kitu mpaka moto uwake. Kwa hiyo fundi anainua kofia aone mahali pa kuunga, anaweka kijiti, anatikisa kichwa kofia idondoke, mkono unateleza, na doti inaangukia pembeni. Dirisha moja la nondo lina doti za kushikiza nyingi tu. Akishachoka kutikisa kichwa anaacha kofia juu, anafumba macho au anatazama kando, anapiga doti. Nendeni mkamtazame fundi yeyote barabarani pale mjini, tangu Serikali ilipohamia Dodoma mwaka 2016 mageti na madirisha ni mengi na mafundi ni wengi. Mtaona wengi wao wanafumba macho. Ngozi ya kope haizuii yote, na kila mara kuna doti moja ambayo jicho lilichelewa kufumba. Ya otomatiki inamwondolea fundi sababu ya kuinua kofia. Hiyo ndiyo faida tunayoinunua kwa mbuzi.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, hata mafundi. Kinachojifunga na kujifungua ni mwanga unaoonekana tu. Kizuizi cha urujuanimno na cha joto kimo ndani ya kioo wakati wote, hata betri ikiwa imekufa, ili mradi kofia ni ya kweli. Kwa sababu hiyo ya mbuzi si lazima ilinde kidogo kuliko ya ng'ombe. Ya ng'ombe ni nyepesi shingoni, dirisha lake ni kubwa, inaonyesha vizuri zaidi, na inaweza kazi za umeme mdogo sana ambazo karakana yetu haina. Sisi tunaunga plau, matela ya mikokoteni, madawati ya shule na mageti.

Ila "ya kweli" ndiyo neno zito. Urujuanimno haionekani, kwa hiyo huwezi kuijaribu dukani kwa macho. Inabidi usome. Sisi wa darasa la kisomo tulikaa na kibandiko cha kofia moja jioni nzima, na kumbe si kigumu. Juu ya kioo chenyewe kunaandikwa mfano hivi: 4/9-13, kisha herufi za mtengenezaji, kisha 1/1/1/2/379. Ile 4 ni giza la kioo kikiwa wazi. 9-13 ni giza kikijifunga, unachagua mwenyewe kwa kuzungusha kitufe. Zile tarakimu nne ni maksi za ubora wa kuona, na 1 ndiyo nzuri, 3 ndiyo mbaya. Ya bei nafuu yenye 1/1/1/2 au 1/2/1/2 inatosha kabisa. 379 ni namba ya kanuni ya Ulaya, EN 379. Za Marekani huandikwa Z87, na kanuni mpya zaidi ni ISO 16321. Kama kioo hakina maandishi yoyote, yako kwenye boksi tu, rudisha mezani uondoke. Maandishi nayo huweza kughushiwa, ndiyo maana tununue duka linalotoa risiti na ambalo litakuwepo tukirudi, wala si kwa mchuuzi wa mnadani.

Namba ya giza kwa kazi zetu ni hii: kijiti cha milimita 2.5, weka 10. Kijiti cha 3.2, weka 11. Asitokee kijana wa kuweka 9 eti aone vizuri.

Kabla ya kulipa, shika kofia mkononi, usiivae, elekeza uso wake kwenye jua mlangoni. Lazima ijifunge mara moja, na giza liwe sawa kote bila madoa. Ikisitasita, iache. Hesabu pia yale macho madogo ya kunasa mwanga yaliyoko mbele. Yenye mawili inafaa, ila fundi akiingiza kichwa chini ya tela bomba likayaziba, kioo kitafunguka katikati ya kazi. Yenye manne ni bora kama bei inaruhusu. Tena uliza betri. Ziko kofia ambazo betri imefungiwa ndani, ikifa umetupa kofia nzima. Tunataka ile yenye kifuniko, inayotumia betri ndogo kama sarafu ambayo hata sisi tunaweza kuibadilisha. Na uliza kama duka linauza plastiki ya mbele ya akiba, kwa sababu matone ya chuma na vumbi la huku kwetu vitaichosha upesi, na fundi asiyeona vizuri ataivua tu.

Jua letu pia lina ukorofi wake. Ukichomelea nje chini ya mbuyu saa saba mchana, kofia inaweza kujifunga kwa jua kabla hujawasha moto. Hapo haijaharibika, punguza kitufe cha wepesi wa kunasa. Lakini kuiacha juu ya bati la moto mchana kutwa ni kuiua.

Pendekezo la kamati, ambalo gazeti hili linaliunga mkono, ni kununua kofia mbili za otomatiki za mafundi, na ngao tatu za mkono zenye kioo namba 11 kwa wasaidizi. Jumla ni mbuzi wawili na majogoo sita kwa kukadiria, maana ngao haizidi kofia ya kawaida kwa bei. Kwa fedha ya kofia moja ya ng'ombe tungemkinga fundi mmoja na kuwaacha wanne. Msaidizi anayeshika chuma kisiteleze yuko karibu na moto kama fundi mwenyewe, na huyo hata miwani hana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na katika karakana hii mwajiri ni sisi wanachama. Mafundi wasiambiwe wajinunulie.

Kamati iliongeza turubai moja kuukuu la kuziba upande wa njia. Hilo halina gharama, lipo stoo, na lisingojee mkutano. Watoto wakitoka shule husimama pale wakishangilia cheche, na kofia ya fundi haiwakingi wao.

Kuhusu picha ya fuvu: hakuna fedha ya alizeti itakayonunua picha. Kofia zitakuwa nyeusi tupu, zitaandikwa katika daftari la mali, zitafungiwa kabatini kila jioni, na kila fundi atatia sahihi anapochukua na anaporudisha. Ukanda wa kichwa ufutwe jasho. Mwenye hoja ya kupinga aiandike na kuibandika hapa chini kabla ya mkutano. Karatasi na gundi viko kwa karani.