Mgonjwa wa Kifafa Aelezwe Kazi ya Dawa Yake

Mara nyingi mgonjwa wa kifafa huondoka kliniki akiwa na vidonge na saa za kuvimeza, bila kuelezwa vidonge hivyo hufanya nini ndani ya ubongo. Pengo hilo lina gharama. Akikaa miezi kadhaa bila kuanguka, hujihesabu amepona na kuacha dawa. Degedege hurudi, pengine kwa mfululizo usiokatika, na mfululizo huo huweza kuua.

Maelezo anayoyahitaji si magumu. Seli ya neva iliyotulia huwa hasi kwa ndani kuliko nje, kwa takriban milivolti 70. Seli hiyo moja hupokea ujumbe kutoka kwa maelfu ya seli nyingine. Baadhi huichochea, hasa kwa kemikali iitwayo glutameti. Nyingine huituliza, hasa kwa kemikali iitwayo GABA. Seli hujumlisha yote hayo. Uchochezi ukizidi hadi umeme wake ukafika kwenye kizingiti, takriban milivolti hasi 55, milango midogo ya sodiamu hufunguka kwa wingi na ishara hutumwa. Usipofika, seli hunyamaza. Hakuna nusu ya ishara. Kazi ya milango hiyo ilifafanuliwa mwaka 1952 na Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Cambridge, Uingereza, waliochunguza neva nene ya ngisi. Mwaka 1963 walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kifafa ni mizani hiyo kuelemea upande wa uchochezi, hata kundi kubwa la seli likatuma ishara kwa pamoja pasipo sababu. Jeraha la kichwa, malaria kali ya utotoni au mabuu ya tegu ya nguruwe yaliyoingia kwenye ubongo huweza kuacha athari ya namna hiyo. Kukosa usingizi na kuruka dozi huiongezea uzito.

Dawa hurudisha uwiano. Fenobabitali, iliyoanza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912, huongeza nguvu ya GABA. Kabamazepini na fenitoini huzuia milango ya sodiamu isifunguke mfululizo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofuta kovu la ubongo. Huishikilia mizani kwa muda zinapokuwamo mwilini. Kwa hiyo, kutoanguka ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, wala si ruhusa ya kuiacha. Wapo wanaoweza kuiacha baada ya miaka kadhaa ya utulivu, lakini hupunguziwa kidogo kidogo na daktari.

Yupo atakayesema kuwa foleni ni ndefu na somo la umeme wa seli halimfai mgonjwa. Hata hivyo, mfano wa mizani ya sokoni huchukua dakika mbili, ilhali kumhudumia aliyeungua motoni kwa sababu aliacha dawa huchukua wiki nyingi.

Maelezo hayo yana faida nyingine. Anayefahamu kwamba chanzo ni umeme wa seli hataogopa povu wala kumkimbia aliyeanguka. Atamlaza kwa ubavu, hatamtia kitu mdomoni, na degedege ikizidi dakika tano atamkimbiza hospitalini.

Mhudumu wa afya aeleze kabla ya kutoa dawa, na mgonjwa asiyeelezwa aulize. Ni haki yake.