Si wazimu kumlilia paka

Msomaji, iwapo umewahi kufiwa na paka aliyeishi nyumbani mwako miaka kumi na zaidi, bila shaka unakumbuka jinsi ulivyojikaza mbele za watu. Siku hiyo ulikwenda kazini kama kawaida. Mwenzako alipokuuliza mbona macho yamekuvimba, ulimjibu kuwa ni mafua. Maana utaanzaje kumwambia mtu mzima, mwenye karo ya watoto watatu kichwani, kwamba unamlilia paka?

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida hapa mjini na "mafua" ya aina hiyo nimeyasikia mara nyingi. Mgonjwa huja akilalamika kwamba usingizi umempotea, chakula hakipiti na kifua kinambana. Unampima shinikizo la damu, unasikiliza moyo na mapafu, huoni kitu. Unamuuliza kama kuna msiba nyumbani, anasema hakuna. Ni pale anapoinuka kwenda zake, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango, ndipo anapotaja kwa kicheko cha aibu kwamba wiki iliyopita paka wao alikufa.

Maoni yangu ni kwamba aibu hiyo huleta maradhi mengi kuliko kifo chenyewe. Mwaka 1989 msomi wa Marekani, Kenneth Doka, alitoa kitabu kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui. Aliyefiwa hapewi pole, hapewi ruhusa kazini, wala hakuna anayekuja kuketi naye. Kwetu sisi tuliozoea matanga, huo ni upweke mkubwa. Mtu anabaki na msiba usio na wahudhuriaji.

Mwili nao haubagui. Mnamo 1990 madaktari wa Japani walieleza kwa mara ya kwanza hali ambapo moyo hudhoofika ghafla kutokana na mshtuko au huzuni kubwa, sehemu yake ya chini ikivimba mfano wa chungu ambacho wavuvi wa huko hutegea pweza. Dalili zake hufanana na za mshtuko wa moyo, ilhali mishipa ya moyo haikuziba. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za mwanamke wa miaka 61 kutoka jimbo la Texas aliyepatwa na hali hiyo. Aliyekuwa amemfia ni mbwa wake mdogo. Mama huyo alitibiwa akapata nafuu. Hali hii si ya kila siku, na sitaki uogope kila kifua kinapokubana, lakini inaonyesha kwamba moyo hauulizi marehemu alikuwa na miguu mingapi.

Najua wako watakaosema huu ni uzungu, mambo ya watu wenye nyua pana na pesa za kuchezea. Watu hawana unga, wewe waandika habari za paka! Nawaomba watembee kidogo hadi Lamu, wakaone paka wanavyojinyoosha barazani na kando ya maji bila wasiwasi. Waswahili walikuwa na methali, paka wa nyumba haingwa, kabla ya duka lolote la chakula cha paka kufunguliwa Nairobi. Abu Hurayra, sahaba wa Mtume Muhammad aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote, jina lake hilo ni la utani lililotokana na mtoto wa paka. Katika Misri ya kale, kwa mujibu wa Herodotus, watu wa nyumba iliyofiwa na paka walinyoa nyusi. Na katika kisiwa cha Kipro wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza mwaka 2004 kuwa wamepata kaburi la miaka 9,500 ambamo paka alizikwa karibu na binadamu. Uzungu gani huo?

Paka wetu aliitwa Chausiku, kwa kuwa aliingia usiku mmoja wa mwaka 2009, stima zikiwa zimepotea mtaa mzima. Alikuwa wa milia ya kijivu, hana ukoo wa kutajwa, mmoja wa wale wanaozaliwa nyuma ya vibanda vya mboga. Kifungua mimba wangu alikuwa na umri wa miaka mitatu wakati huo. Chausiku alipokufa mwaka 2023, binti huyo alikuwa kidato cha nne. Yaani hakumbuki siku aliyoishi katika nyumba isiyo na paka huyo.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa nikirudi kutoka kliniki navua viatu mlangoni na kupita moja kwa moja hadi bafuni. Watoto walikatazwa kunikumbatia. Basi wakawa wanamkumbatia Chausiku, naye akavumilia, jambo ambalo halikuwa desturi yake hata kidogo.

Lakini aliyemmiliki kwa hakika alikuwa mama yangu, aliyekuja kuishi nasi mwaka 2014 baada ya baba kufariki. Kule mashambani paka ni wa panya. Halali ndani wala hapewi jina. Mwezi wa kwanza mama alimfukuza kwa kandambili. Mwezi wa pili nilimkuta akimtolea omena mmoja mmoja huku akimpa habari za watu wa kijijini ambao hata mimi siwajui. Paka akaanza kumwamsha saa kumi na mbili asubuhi. Mama akiamka huteleka chai, na akishateleka chai humeza tembe yake ya shinikizo la damu. Nimewaandikia wagonjwa saa za kumeza dawa kwa miaka mingi na sijapata kuona mpango ulioshika barabara kama huo.

Mwaka wake wa mwisho Chausiku alianza kunywa maji mengi, kukojoa sana na kukonda, dalili ambazo kwa paka mzee aghalabu ni za figo. Daktari wa mifugo alithibitisha. Figo za namna hiyo hazirudi katika hali ya zamani. Kinachowezekana ni kupunguza makali. Alikufa juu ya leso ya mama, alasiri.

Mama hakulia. Ila alianza kuamka saa tatu, na nilipohesabu tembe katika pakiti nikakuta zimebaki nyingi kuliko inavyostahili. Hakumtaja paka, na sisi tukawa tunamwepushia jina. Kisha jioni moja kijana wangu akakumbuka siku Chausiku alipoiba paja la kuku lililowekewa mgeni kutoka kanisani, na mgeni alivyosisitiza kuwa yeye hapendi kuku. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akalia kwa muda mrefu. Tangu hapo jina likatajwa mezani bila woga, na dawa tukaifunga kwenye taarifa ya habari ya redio ya saa moja asubuhi.

Hiyo ndiyo tiba ninayokuandikia, na haina gharama. Kaeni mlitaje jina. Simulieni alivyoingia, alichoiba, mahali alipopenda kulala, ni nani aliyempenda na ni nani aliyemchokoza. Kama kuna picha kwenye simu, usizifute.

Kwa watoto uwe mwangalifu zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano hudhani aliyekufa anaweza kurudi, kwa hiyo atauliza leo, kesho na kesho kutwa. Mjibu kila mara, kwa neno lile lile: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu. Usimwambie paka amelala, usije ukazua mtoto anayeogopa kitanda. Usimwambie amesafiri, maana atangoja, na siku moja baba atakaposafiri kwenda Kisumu kikazi utaona kilio usichokielewa. Na kwa hisani yako, usimtie mnyama ndani ya gunia na kumkabidhi mzoa taka huku mtoto akichungulia dirishani. Najua wakaaji wa ghorofa hawana pa kuzika. Muulize daktari wa mifugo, au jamaa mwenye kipande cha ardhi, na mtoto apewe nafasi ya kuaga.

Hapa niweke neno la tahadhari. Ikiwa paka aliyekufa alikuwa amebadilika ghafla, akawa mkali bila sababu au akitokwa na mate, na amemuuma au kumkwaruza mtu siku za karibuni, mambo ya kuaga yangoje. Usimguse kwa mikono mitupu, na mjulishe daktari wa mifugo kabla ya kuzika. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Majonzi ya kawaida huja kwa mawimbi na kupungua kadiri majuma yanavyopita. Yakizidi, mtu akawa hali, halali, haendi kazini au anasema haoni faida ya kuishi, mpeleke kwa daktari upesi, na msione haya kutaja chanzo. Nanyi madaktari wenzangu, mgonjwa mzee anayeishi peke yake akitaja paka akiwa mlangoni, mrudisheni kitini.

Watu wengi huniuliza kama ni vyema kuleta mtoto mwingine wa paka mara moja. Kwa wiki hizo za kwanza nasema hapana, hasa kwa wazee, wala asiletewe mtu asiyemwomba. Mama yangu ameletewa mara mbili na majirani wema, na mara mbili amewarudisha kwa shukrani. Omena humpelekea paka wa bawabu, kule langoni, kila asubuhi baada ya taarifa ya habari.