Mkondo Haujali Umelipa Shilingi Ngapi

Wadau, siku hizi vijana wa mjini wamegundua kwamba Unguja, Pemba na Mafia si mahali pa kupigia picha ufukweni tu. Wanazama na mitungi ya hewa, wanarudi na vyeti. Safi sana, bahari ni yetu. Ila ukiwauliza habari za mkondo, wengi watakujibu, "Hiyo kazi ya mwalimu." Hapo sikubaliani nao. Anayezama bila kujua maji yanaelekea wapi ni abiria, si mzamiaji.

Elimu yenyewe wavuvi wetu wanayo siku nyingi: bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani yetu tofauti hufika kama mita 4. Maji yote hayo yana saa 6 hivi za kupita, kwa hiyo lazima yakimbie. Tena hayakimbii sawasawa: saa ya kwanza huenda taratibu, saa ya 3 na ya 4 ndipo yanashika kasi, kisha hupoa. Mwenye akili huzama yakiwa yamepoa.

Chukua Kinasi kule Mafia, mlango ambao maji ya Ghuba ya Chole huingilia na kutokea. Yakijaa, yanakusukuma ghubani. Yakipwa, yanakupeleka bahari kuu. Mahali ni pale pale, kilichobadilika ni saa tu.

Sasa hesabu kidogo. Kasi ya maji ikiongezeka mara 2, nguvu inayokusukuma huongezeka mara 4. Nusu mita kwa sekunde inasikika ndogo, lakini wengi hawawezi kuogelea dhidi yake kwa muda mrefu. Na kwenye kina cha mita 20, kila pumzi hula hewa mara 3 ya ile ya juu. Ubishi wako unalipiwa na mtungi.

Kabla ya kuzama, angalia kamba ya boya imelala kiasi gani. Ishike ukiwa majini. Mwili ukipepea kama bendera, rudi chomboni. Chini, angalia samaki: kwa kawaida huelekeza vichwa mkondo unakotoka. Kama chombo kimetia nanga, anza kwa kwenda kinyume cha mkondo, karibu na sakafu ambako maji hupungua kasi, ili urudi nao. Ukizidiwa, usishindane nao. Kata kwa ubavu, panda polepole, toa boya lako ili nahodha akuone.

Lakini hayo yote hayasaidii kama anayeamua ni pesa. Mteja ameshalipa, kesho anapanda ndege, mwenye kituo hataki kurudisha hela... basi wote wanajifanya bahari imetulia. Mimi nasema vituo vimweleze mteja hali ya maji kabla ya kupokea malipo, na siku mbaya safari isogezwe bila kumkata mtu hata senti. Na wewe mteja usione haya kusema, "Leo siendi." Huo si woga, ni sehemu ya ujuzi uliousomea.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Mwenye mawazo tofauti, ukumbi ni wenu.