Nani Aliwapa Namba Yako?

Kijana wa Nyeri, Karatina au Nanyuki, hebu jiulize: yule anayekupigia simu ya mkopo ukiwa kazini, namba yako kaitoa wapi? Ukimuuliza, anakata.

Tunaziacha kila mahali. Kitabu cha askari kwenye lango la jengo: jina, kitambulisho, simu. Apu ya mkopo nayo unairuhusu isome majina yote kwenye simu yako, halafu siku ukichelewa kulipa anapigiwa shangazi yako sokoni. Hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi, maana shangazi hakukopa kitu!

Usivumilie tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza kutumia data yako kibiashara bila idhini yako. Na ina meno: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba walizopata kwa watu wengine kupiga simu na kutuma ujumbe wa vitisho.

Kubloki peke yake hakutoshi, kesho watakuja na laini nyingine. Andika namba, tarehe na saa. Watumie ujumbe kwamba hutaki kupigiwa tena, na uuhifadhi. Wakirudia, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna kupitia tovuti yao. Sheria inataka uchunguzi umalizike ndani ya siku 90. Huhitaji nauli ya Nairobi.

Wazee wetu wa Majengo hawana habari ya tovuti hiyo. Kaa nao Jumamosi, uwaandikie yao.