MKOPO WA SERIKALI NA MPAKA WAKE



Twajua ya kuwa wengi wetu, wakisikia habari za deni la Taifa, husema hayo ni mambo ya wakubwa wa Hazina, wala hayamhusu karani wa Didia. Twaona neno hilo si sawa.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 141, yasema kwamba deni la Taifa limedhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina, pamoja na riba yake na gharama za kulisimamia. Maana yake mkopeshaji hangoji zamu. Mishahara ya majaji na wengine wachache nayo yatoka katika Mfuko huo kwa ibara ya 142. Lakini mshahara wa karani, wa mwalimu na wa muuguzi hupitishwa na Bunge mwaka kwa mwaka, katika kile kinachosalia. Basi deni likizidi, wa kwanza kungojeshwa vyeo na malimbikizo ni sisi.

Je, Katiba imeweka mpaka wa kukopa? Haikuweka. Mamlaka ya kukopa amepewa Waziri wa Fedha kwa Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya mwaka 1974. Ile asilimia 55 ya pato la Taifa tuisomayo katika hotuba za bajeti ni kipimo cha wataalamu, si amri ya Katiba.

Upungufu huo ulionekana wazi Desemba 2021. Spika wa Bunge, marehemu Job Ndugai, alinung'unikia hadharani mikopo ya Serikali, akaonya kwamba ipo siku nchi itapigwa mnada. Rais Samia Suluhu Hassan alijibu kwamba Serikali itaendelea kukopa kwa ajili ya maendeleo. Spika akaomba radhi, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Hatutaki kuamua nani alikosea. Twauliza hili tu: ikiwa ibara ya 63 yalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, kwa nini swali la mkopo lilisemwa nje ya ukumbi, baada ya fedha kwisha kupokewa?

Wala hatusemi kwamba kukopa ni kubaya. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulijenga madarasa 15,000 nchini, na mzazi wa Shinyanga hawezi kulidharau darasa. Lakini wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Mkubwa wa boma akitaka kuweka rehani ng'ombe wa ukoo, haki ni kuwaita ndugu zake kwanza, maana nao watalipa.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuandika tarakimu katika sheria. Na watazame Kenya. Mwaka 2019 wenzetu waliacha mpaka wa asilimia 50 ya pato la Taifa, wakaweka shilingi za kwao trilioni 9. Mwaka 2022 wakaupandisha hadi trilioni 10. Mwaka 2023 wakarudi kwenye asilimia, wakaweka 55. Ua linalosogezwa kila ng'ombe akilifikia si ua.

Wengine husema kwamba mpaka utaifunga mikono Serikali siku ya njaa au ya maradhi. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Kwa hiyo hatuombi tarakimu kwanza, bali utaratibu, nao uandikwe katika Katiba yenyewe: kila mkopo mkubwa uletwe mbele ya Bunge kabla ya kutiwa sahihi, masharti yake, yaani riba, muda na dhamana, yatangazwe kwa Kiswahili, na siku ya dharura Serikali ikope mara moja, lakini ilete hesabu Bungeni katika muda uliowekwa.

Hili si neno la chama chochote cha siasa. Sisi ndio tuandikao hati za malipo, twajua hakuna senti itokayo ofisini bila sahihi mbili. Yatupasa kuomba kwamba trilioni nazo zisiingie kwa sahihi moja. Katiba imemlinda mkopeshaji. Imlinde na mlipaji.