Papa akitoka Kolwezi, alete na kitabu cha kuchekesha



Hapa Kamina sisi wote tunajua kungojea treni. Reli ya kutoka Lubumbashi inapita Likasi na Tenke, inafika kwetu, kisha inagawanyika: moja inaendelea mpaka Ilebo, ingine inakwenda Kabalo. Wanaume wetu wengi walipandia hapa kwenda kutafuta shaba Kolwezi ao Fungurume. Wengine wanaelekea Malemba-Nkulu kwa kasiteriti. Wakirudi, watoto wanakimbilia mfuko. Mna viatu, mna sukari, mna simu ya mkubwa wao. Kitabu hamna. Na kikiwemo, ni cha hesabu ao cha dini.

Hatusemi vile ni vibaya. Tunasema tu kama kunapunguka kimoja: kitabu cha kumchekesha mtoto.

Jibu la wazazi tunalijua: "Ile ni michezo, haiko masomo." Lakini tuangalie namna watoto wetu wanaingia katika Kifaransa. Miaka ya kwanza mwalimu anafundisha kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinawaangukia chote kwa mara moja. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na tunafurahia, lakini madarasa yamejaa na vitabu ni vichache. Mtoto anakopia ubaoni. Anasoma mstari mzima kwa sauti nzuri, na ukimwuliza "Inasema nini?" ananyamaza. Siku ya mtihani wa mwisho wa darasa la sita, mtoto wa namna ile anaogopa karatasi. Na anayeogopa karatasi, si vigumu aiache, afuate wenzake kwenda kuosha mawe.

Kicheko ni kipimo kizuri kuliko maulizo yetu. Hakuna mtu anayecheka maneno asiyoyasikia. Mtoto akicheka peke yake na kitabu mkononi, ujue Kifaransa kimeingia.

Vitabu tunavyowashauri ni vya Le Petit Nicolas. Vimeandikwa na René Goscinny, yule yule wa Astérix na Lucky Luke, na picha zake ni za Sempé. Cha kwanza kilitoka Ufaransa mwaka 1960, na vingine vinne vikafuata mpaka 1964. Nicolas ni mtoto wa masomo ya msingi, na yeye mwenyewe ndiye anayesimulia. Rafiki yake Alceste anakula wakati wote. Eudes ana nguvu, anapenda kupiga wenzake ngumi puani. Babake Geoffroy ni tajiri, anamnunulia kila kitu. Clotaire ni wa mwisho darasani, Agnan ni wa kwanza, na hakuna anayeweza kumpiga sana juu anavaa miwani. Niambieni kama darasa hili haliko hapa kwetu!

Katika hadisi ya kwanza, mpiga picha amekuja kupiga picha ya darasa. Mwalimu anapanga watoto, wanagombana. Anawapanga tena, wanachafuka. Wanapokuwa tayari, mpiga picha amekwisha kwenda zake. Kwetu nyumbani tuliisoma usiku, courant haiko, kwa taa ya simu. Wadogo walisema: "Soma tena!" Yule wa darasa la tano, ambaye kila siku tunamlazimisha kufungua cahier, alitunyang'anya kitabu asome mwenyewe.

Uzuri wa vitabu hivi ni kwamba kila hadisi ni fupi, inaisha jioni moja, na hailazimu kufuata ile iliyotangulia. Maneno ni ya mtoto, si ya wakili. Na mtoto anaona mambo ambayo Nicolas mwenyewe hayaoni: wakubwa wanabishana, wanadanganyana kidogo, na Nicolas anasimulia tu bila kujua kama ametuchekesha.

Vina na kasoro. Ni Ufaransa ya zamani, ya watu wenye nyumba na bustani. Vijana wanapigana kupita kiasi, na wasichana ni wachache. Mwenye binti aanze na hadisi ya Louisette, katika kitabu cha kwanza: mbele ya ba mama ni mtoto mwenye adabu, lakini anapiga mpira kuliko Nicolas, anavunja kioo, na anayeazibiwa ni Nicolas. Binti zetu watacheka sana.

Papa aliye mbali anaweza kufanya nini? Anunue kimoja, hata kilichokwisha kutumiwa na wengine, akisome katika siku chache za kupumzika, hadisi moja kila jioni. Akirudi kazini, mtoto amsomee katika simu kwa mesaji ya sauti. Na mama ambaye hakusoma Kifaransa asikae pembeni: mtoto asome, kisha amwelezee kwa Kiswahili ao kwa Kiluba. Mama akicheka, mtoto ametafsiri vizuri. Ule mtihani hauombi franka.

Tena kicheko ndani ya kitabu si kitu kigeni kwetu. Wazee wa Gécamines wanakumbuka Mwana Shaba Junior na Mayele wake, namna watoto wa kampi walivyoingojea. Kampuni ya shaba ilijua kama mtoto wa mfanyakazi anahitaji kucheka akisoma. Na jirani zetu wa Uganda wana Moses, kijana wa vitabu vya Barbara Kimenye, vilivyoanza kutoka katika miaka ya 1960. Moses na rafiki yake King Kong wanasoma katika shule ya kulala, na fujo zao hazina mwisho. Mtu yeyote wa hapa aliyepita internat atawatambua kwa jina na kwa tumbo. Lakini Moses anasema Kiingereza. Tunaomba wenye kuchapisha vitabu wamlete kwetu kwa Kiswahili, juu mtoto wa Kamina anastahili kucheka pia na mtoto anayefanana naye.

Tukingojea hiyo, tuanze na Nicolas. Papa anayepanda treni wiki hii, mkeo amekwisha kukupa liste: viatu, sukari, simu. Ongeza chini yake mstari mmoja.